Nani Ameshika Ufunguo?

Wakazi wa Tanga na mwambao wote wa kaskazini, tangu Pangani hadi Mkinga, hawahitaji kufundishwa maana ya umeme kukatika. Mto Pangani umetoa umeme kwa miaka mingi pale Hale na pale kwenye Maporomoko ya Pangani, na mwaka 2010 kebo ilipitishwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba ili ndugu zetu wa kisiwani nao wapate umeme wa gridi. Hata hivyo nchi nzima inakumbuka mgao wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011, na watu wa Unguja hawajasahau giza la karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Zamani umeme ukikatika, hasara ilikuwa giza ndani ya nyumba na samaki kuharibika katika jokofu. Leo mambo yamebadilika. Keshia wa chama cha akiba na mikopo anaandika kwenye kompyuta. Karani wa bandari anaandika kwenye kompyuta. Mwenye duka la dawa naye anayo kompyuta yake juu ya meza. Umeme ukizimika ghafla, maandishi yaliyokuwa nusu yameandikwa yanakwenda wapi? Na inakuwaje mara nyingi tukiwasha tena tunakuta mambo yako salama? Juma hili nimependa tuzungumze juu ya jambo hilo, kwa sababu ndani yake mna fundisho linalohusu hata ofisi ambazo hazijawahi kuona kompyuta.

Hebu tuanze na ghala la mkonge, kwani Tanga na mkonge ni ndugu wa siku nyingi. Chukulia ghala lina leja yake, na meli iliyopo bandarini ina leja yake. Robota moja la singa likitoka ghalani kwenda melini, karani lazima aandike mara mbili: apunguze moja katika leja ya ghala, kisha aongeze moja katika leja ya meli. Sasa taa zikizimika baada ya kupunguza na kabla ya kuongeza, lile robota limepotea katika vitabu. Ghala linasema halipo, na meli inasema haijaliona. Mtu hajaiba kitu, lakini hesabu imeharibika.

Diski ya kompyuta nayo ni ghala. Kila faili lina kadi yake inayoeleza ukubwa wake, tarehe zake, na vipande vyake vimewekwa sehemu gani za diski. Kuna pia daftari linaloonyesha nafasi zipi ni tupu na zipi zimejaa. Ile sehemu ya programu inayotunza kadi hizi na madaftari haya ndiyo inayoitwa mfumo wa faili. Ukiongeza ukurasa mmoja tu katika barua yako, mfumo huo hubadilisha mahali kadhaa kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kadi moja itasema hivi na daftari jingine litasema vile.

Katika mifumo ya zamani, dawa ilikuwa ni ukaguzi. Kompyuta ikiwashwa baada ya kuzimika vibaya, ilianza kupekua diski yote, kadi kwa kadi, ikitafuta palipopishana. Diski zilipokuwa ndogo, kazi hiyo ilichukua dakika. Diski zilipokua, ilichukua saa nyingi, na wateja wamepanga foleni dirishani wanasubiri.

Ndipo wataalamu walipokwenda kuchukua dawa kwa wahasibu. Mhasibu mwangalifu huwa na shajara, yaani daftari la kila siku ambamo jambo huandikwa kwanza kabla ya kuingizwa katika leja. Mfumo wa faili wenye shajara hufanya vivyo hivyo. Kabla haujagusa kadi yoyote huandika mahali pamoja: “Nitapunguza hapa, nitaongeza pale.” Maandishi hayo yakishatulia juu ya diski ndipo kazi yenyewe inafanyika. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwashwa haina haja ya kupekua diski yote. Inafungua shajara. Ikikuta agizo lililoandikwa likakamilika, inalitekeleza upya. Ikikuta agizo lililokatika katikati, inalitupa kana kwamba halikuwahi kutolewa. Kazi ya saa nyingi inakuwa ya sekunde chache.

Mmoja wa mifumo hiyo unaitwa XFS. Kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani ilianza kuutengeneza mwaka 1993 na kuutoa mwaka 1994. Mwaka 2001 uliletwa katika Linux, ile programu kuu ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Linux ndiyo inayoendesha kompyuta nyingi kubwa za intaneti, na ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usidhani jambo hili liko mbali nawe. Ukiwa na simu ya namna hiyo mfukoni, umebeba Linux, na yaelekea umebeba na shajara ya namna hii.

Shajara inatuponya na umeme kukatika. Lakini kuna tatizo la pili, nalo ni la mikono mingi. Kompyuta ya leo hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Programu moja inasoma faili, nyingine inataka kuliongeza, ya tatu inataka kulifuta. Wote wakiishika kadi moja kwa pamoja, kila mmoja na kalamu yake, kadi itachafuka hata kama umeme haujakatika. Hapana budi pawe na kufuli.

Jambo la kupendeza ni kwamba jina la kufuli hilo lilitoka katika reli. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alipotafuta namna ya kuzuia programu mbili zisigongane, alikipa chombo chake jina la ule mkono wa chuma juu ya mlingoti, unaopanda na kushuka kumwambia dereva wa treni apite au asimame. Ndani ya Linux kufuli hilo linaitwa semafo hadi leo.

Basi na sisi tutumie reli, maana reli ya Tanga ni miongoni mwa reli kongwe za nchi hii. Ilianza kujengwa mwaka 1893 enzi za Wajerumani, ikafika Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi. Ni reli ya njia moja. Treni inayopanda na treni inayoshuka haziwezi kupishana ila penye stesheni. Duniani kote, penye njia moja, swali ni lile lile: nani ana haki ya kuingia katika kipande hiki cha njia kwa sasa?

Waingereza wa karne ya 19 walipata jibu jepesi. Kila kipande cha njia kilipewa kijiti kimoja cha ruhusa. Dereva asiye na kijiti mkononi haingii. Akifika stesheni ya pili anakikabidhi, na mwenzake wa upande wa pili anakichukua. Kwa kuwa kijiti ni kimoja, treni mbili haziwezi kukutana katikati. Kufuli la kompyuta ni kijiti hicho. Programu inayotaka kuandika katika kadi ya faili hukichukua kwanza, huandika, kisha hukirudisha.

Kufuli la kadi ya faili lina nyongeza moja. Kusoma hakuharibu kitu, kwa hiyo wasomaji wengi wanaruhusiwa kuingia pamoja, kama watu kumi wanavyoweza kusoma tangazo moja ukutani. Lakini anayetaka kuandika lazima abaki peke yake. Hivyo kufuli lina hali tatu: halijashikwa na mtu, limeshikwa na wasomaji, au limeshikwa na mwandishi mmoja.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha mazungumzo yetu. Kuwa na kufuli hakutoshi. Inafaa pia kuweza kuuliza, wakati wowote, kama limeshikwa na kwa namna gani. Mfumo kama XFS una maelfu mengi ya mistari ya maagizo, yaliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Kipande kimoja cha programu huandikwa kwa kuamini kwamba aliyekiita amekwisha kufunga kufuli. Je, kama hakufunga? Kosa hilo halionekani siku hiyo. Kazi itakwenda vizuri mara elfu, na mara ya elfu moja na moja, wawili watakutana katika kadi moja, na faili la mteja litaharibika bila mtu kujua chanzo. Kwa sababu hiyo waandishi huweka mlinzi mwanzoni mwa kipande, anayesema: “Kabla hatujaendelea, nionyesheni kwamba kufuli limeshikwa kwa kuandika.” Kama halikushikwa, analalamika papo hapo, wakati wa majaribio, kabla mali ya mtu haijaguswa.

Mlinzi huyo atajuaje? XFS ulipohamia Linux ulikuja na mazoea ya nyumbani kwake. Kufuli la Linux la wakati ule halikuwa na njia nzuri ya kujibu swali hilo. Basi watu wa XFS wakalivika koti: kufuli la kawaida ndani, na ubavuni mwake, katika matoleo ya majaribio, alama ndogo iliyosema “mwandishi yumo” au “mwandishi hayumo”. Kila aliyefunga kwa kuandika aliweka alama. Kila aliyefungua aliifuta.

Turudi stesheni. Ni kama steshenimasta ambaye, mbali na kile kijiti chenyewe, ana ubao wa chaki anaoandika: “Kijiti kimetoka” au “Kijiti kimerudi”. Ubao unasaidia kama kijiti hakionekani kutoka mezani kwake. Lakini sasa ukweli mmoja unatunzwa mahali pawili. Lazima kila siku na kila saa viende pamoja. Siku chaki itakaposahauliwa, ubao utasema kijiti kimetoka, na kumbe kinaning'inia ukutani. Na kila anayeleta utaratibu mpya pale stesheni itambidi ajifunze mambo mawili badala ya moja.

Pengine utauliza, kwani hapakuwa na mkaguzi? Alikuwapo. Mwaka 2006 mtaalamu wa Hungary, Ingo Molnar, aliingiza katika Linux mkaguzi wa makufuli anayeitwa lokidepu. Kazi yake kubwa ni kuzuia mkwamo. Fikiri makarani wawili: mmoja ameshika leja ya ghala anangoja leja ya meli, na mwenzake ameshika leja ya meli anangoja leja ya ghala. Watakaa hapo hadi kiama, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mkaguzi huyu hukumbuka kila mmoja alishika nini na kwa mpangilio gani, na akiona mpangilio unaoweza kuleta mkwamo huonya kabla haujatokea. Ni chombo ambacho kimeokoa kazi nyingi.

Ila mkaguzi huyo anahesabu kwa majina. Anajua kwamba fulani ndiye aliyechukua kijiti. Na ndani ya XFS kuna nyakati ambapo aliyefunga kufuli huikabidhi kazi yenyewe kwa msaidizi, ambaye anaifanya wakati bosi wake anasubiri na kufuli bado limefungwa. Kama vile dereva amekaa na kijiti, na msaidizi wake ndiye aliyeshika usukani. Njia iko salama kabisa, maana kijiti kimo ndani ya treni. Lakini mkaguzi akimuuliza msaidizi, “Wewe umechukua kijiti?”, jibu la kweli ni hapana, na mkaguzi atapiga kelele bure. Kwa hiyo XFS usingeweza kumtegemea mkaguzi peke yake, na ule ubao wa chaki ukabaki miaka mingi.

Mwaka 2024 ubao uliondolewa. Mhandisi Matthew Wilcox wa kampuni ya Oracle aliliendea tatizo kutoka upande mwingine. Badala ya kuutengeneza ubao uwe mzuri zaidi, alihakikisha kwamba kufuli lenyewe la Linux linaweza kuulizwa. Kufuli haliwezi kufanya kazi bila kujua kama lina mwandishi ndani yake, kwa sababu bila kujua hilo lisingeweza kuwazuia wengine. Habari ilikuwamo tangu awali, ila hapakuwa na dirisha la kuitazamia. Dirisha likafunguliwa, na kwa yale mazingira ya bosi na msaidizi likawekwa swali lisilotaja jina: siyo “wewe umeshika?” bali “kumeshikwa?”. Baada ya hapo alama ya ubavuni haikuwa na kazi tena. Koti likavuliwa, na XFS sasa unatumia kufuli la kawaida kama wenzake, pasipo daftari la pembeni.

Sasa, ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya mafundi wa mbali, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba mali yetu imo ndani ya vyombo hivi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha za mama lishe na za mvuvi wa Deep Sea zimekuwa maandishi ndani ya kompyuta. Maandishi hayo yanasimama juu ya shajara na makufuli ya namna hii. Tukijua yanavyofanya kazi, tutajua pia mipaka yake. Shajara ya mfumo wa faili kwa kawaida hulinda kadi na madaftari ya diski, isivurugike mipangilio. Haikuahidi kuokoa kila neno la barua uliyokuwa hujaihifadhi. Wala haizuii diski kufa, kuibwa au kuungua. Ofisi yenye busara itaweka betri ya akiba ili kompyuta izimwe kwa utaratibu, na itatunza nakala ya pili mahali pengine. Nakala hiyo ni ya kuokolea mambo siku ya msiba, siyo daftari la pili la kuandikia kila siku.

Njia ya pili ni pana zaidi. Katika miji yetu hakuna asiyejua ugomvi wa kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili. Mara nyingi watu hukimbilia kusema ni rushwa, na rushwa ipo. Lakini hata pasipo rushwa, penye madaftari mawili ya jambo moja ugomvi unaandaliwa. Daftari moja liko kwa karani, jingine liko kwa mpimaji, na la tatu liko kichwani mwa mzee aliyestaafu. Kila moja liliandikwa kwa nia njema. Siku yanapopishana, raia wawili wenye hati mbili wanasimama mbele ya msingi mmoja, na kila mmoja ametoa akiba yake yote.

Dawa inayotumika mara nyingi ni kuongeza daftari jingine la kukagua yale yaliyopo. Hapo ndipo wahandisi hawa wanapotupa la kuiga. Walijiuliza: ni nani hasa anayejua ukweli wa jambo hili kwa sababu kazi yake haiwezekani bila kuujua? Wakamwendea huyo, wakamfungulia dirisha, na madaftari mengine wakayafunga. Kadhalika katika ghala, katika chama cha ushirika, na katika ofisi ya mtaa. Andika nia kabla ya tendo. Anayeandika awe mmoja kwa wakati mmoja. Anayemkabidhi mwenzake kazi ionekane kwamba ufunguo bado umeshikwa. Na ukweli wa jambo uwe mahali pamoja, ambapo kila mwenye haki anaweza kuutazama.

Kwa vijana wa Tanga wanaosoma kompyuta, nina neno moja. Maagizo yote ya Linux, pamoja na mabadiliko haya ya mwaka 2024, yako wazi kwa yeyote kuyasoma bila malipo. Watu wa nchi hii wamekwisha kushiriki katika programu za namna hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mabadiliko tuliyoyaeleza leo siyo marefu, na sehemu yake kubwa ilikuwa kufuta. Mtu mwenye subira anaweza kuyasoma jioni moja na kuyaelewa. Ni shule nzuri kuliko vitabu vingi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema daftari, hawakusema madaftari. Tukiwa na moja linaloaminika, na ufunguo wake unajulikana uko mikononi mwa nani, umeme ukikatika tutawasha mshumaa na kungoja bila hofu.